Swali Nililolikalisha Chini

Msomaji wangu, kabla sijakusimulia habari za mwanamke mmoja wa Italia aliyegeuza chumba chake cha kulala kuwa maabara, sina budi kuungama kosa langu mwenyewe, kwani bila ya kosa hilo nisingeitafuta habari yake wala nisingeshika kalamu kuiandika.

Mimi ni mwalimu. Nilimaliza chuo cha ualimu nikiwa na miaka 23, na sasa nimepita 35. Katika mwaka wa pili wa kazi yangu nilikuwa nikifundisha biolojia kidato cha pili, katika shule moja ya kutwa ya pwani yetu, yenye mabati juu na mchanga uani, na yenye hadubini moja ambayo kioo chake kilikuwa kimekwisha kupasuka kabla sijafika. Asubuhi moja nilichora ubaoni umbo la mtu, nikamtia mistari ya chaki ya manjano toka ubongoni, ikashuka katika uti wa mgongo, ikagawanyika hata ikafika katika ncha za vidole vya miguu. Nikawaambia wanafunzi kwamba hizo ndizo neva, ambazo huitwa pia mishipa ya fahamu, na kwamba kila neva ina njia yake na mwisho wake. Mchoro ule ulinipendeza, nami nikajipendeza mwenyewe.

Mara binti mmoja akasimama katika dawati la nyuma. Hakuwa msemaji, na kwa sababu hiyo darasa zima liligeuka kumtazama. Akauliza, "Mwalimu, mguu ukikatwa, zile neva zilizokuwa zikienda mguuni huwa wapi?"

Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, maana nilijua swali lilikotoka. Baba yake alikuwa mkata mawe katika timbo la mawe ya kujengea, na muhula uliotangulia jiwe lilimwangukia, akachukuliwa hospitali, na huko mguu wake wa kulia ukakatwa chini ya goti. Nilijua hayo yote. Nilijua pia kwamba sina jibu. Huruma na aibu vilipokutana kifuani mwangu vilitoka kinywani vikiwa hasira. Nikamwambia, "Hilo halimo katika mtihani. Keti."

Akaketi. Miaka miwili na zaidi aliyobaki shuleni hakusimama tena kuniuliza neno. Alifanya kazi zake, akapata alama za wastani, akamaliza kidato cha nne, akaenda zake. Nami nilisahau, au nilijidai kusahau.

Miaka mingi baadaye, katika likizo ya Agosti, nilikuwa nikisoma maisha ya wanasayansi ili nipate mifano ya kuwasimulia wanafunzi. Nikafika katika habari za Rita Levi-Montalcini. Nilisoma kurasa kadhaa kwa utulivu. Kisha nikafika mahali palipoelezwa jaribio lililoanzisha kazi ya maisha yake, na hapo nikakiweka kitabu juu ya meza, kwa sababu swali la jaribio lile lilikuwa swali la binti yule, karibu neno kwa neno. Chembe za neva zilizokusudiwa kwenda katika kiungo, kiungo kile kikiondolewa, hupatwa na nini? Swali nililolikalisha chini kwa neno moja lilikuwa limemfikisha mtu mwingine katika Tuzo ya Nobel.

Basi nikueleze alikotoka mtu huyo. Rita alizaliwa katika mji wa Turin, kaskazini mwa Italia, tarehe 22 Aprili 1909, yeye na pacha wake Paola. Baba yao, Adamo Levi, alikuwa mhandisi, na mama yao, Adele Montalcini, alikuwa mchoraji. Walikuwa Wayahudi, watu wa elimu na wenye nafasi. Baba aliwapenda sana binti zake, lakini aliamini kwamba masomo ya juu na kazi ya kuajiriwa vingemzuia mwanamke asitimize wajibu wake wa mke na wa mama. Kwa hiyo Rita alipelekwa katika shule ya wasichana ambayo haikuwa na njia ya kwenda chuo kikuu. Alipotimiza miaka 20 alimwendea baba yake akamwambia kwamba hataki maisha hayo, bali anataka kusoma udaktari. Baba hakufurahi, lakini hakumzuia. Rita akajifungia na vitabu, na kwa muda wa miezi minane akajifunza Kilatini, Kigiriki na hesabu ambazo shule yake haikumpa, akafanya mtihani, akafaulu, akaingia chuo kikuu cha Turin.

Huko alimkuta profesa mmoja wa anatomia aliyeitwa Giuseppe Levi, ambaye hakuwa jamaa yake ingawa jina ni moja. Mzee huyo alikuwa mkali, mwenye sauti ya ngurumo, na wanafunzi walimwogopa. Mimi kama mwalimu nimemfikiri sana mtu huyu. Kwa maana wanafunzi watatu waliopita mikononi mwake katika miaka hiyo walipata Tuzo ya Nobel: Salvador Luria mwaka 1969, Renato Dulbecco mwaka 1975, na Rita mwenyewe mwaka 1986. Ukali wake ulikuwa juu ya kazi mbovu. Ukali wangu ulikuwa juu ya swali zuri, na hizo ni namna mbili za ukali zisizofanana hata kidogo. Aliwafundisha kukata nyama ya mwili vipande vyembamba kupita karatasi, kuvitia rangi, na kuvitazama kwa subira chini ya hadubini. Rita alijifunza kwake namna ya kutia neva rangi kwa chumvi za madini ya fedha, hata kila uzi wa neva ukaonekana mweusi juu ya manjano, kama mizizi ya mti iliyofukuliwa.

Alipata shahada ya udaktari mwaka 1936. Mwaka 1938 serikali ya Mussolini ikatoa sheria za kuwabagua Wayahudi, na kwa sheria hizo Wayahudi wakafukuzwa katika vyuo na katika kazi za elimu. Rita akatolewa, na profesa wake akatolewa. Alikwenda Ubelgiji akafanya kazi kwa muda mfupi mjini Brussels, akarudi nyumbani kabla majeshi ya Ujerumani hayajaivamia nchi hiyo mwaka 1940. Sasa alikuwa daktari asiyeruhusiwa kutibu kwa uhuru, na mtafiti asiye na mahali pa kutafiti. Wakati huo rafiki yake mmoja wa chuoni akamtembelea, akamuuliza ana mpango gani wa kazi. Hakuwa na mpango. Rafiki yake akamkumbusha kwamba watu wamewahi kufanya mengi kwa vifaa vichache.

Katika majira hayo alisoma makala moja ya zamani kidogo, akiwa safarini katika behewa la mifugo lililokuwa likichukua abiria kwa sababu ya vita. Makala hiyo iliandikwa mwaka 1934 na Viktor Hamburger, Mjerumani mwenye asili ya Kiyahudi, ambaye naye alikuwa amepoteza kazi yake katika nchi yake mwaka 1933 akabaki Marekani. Tazama jinsi mambo yalivyokuwa: mtu aliyefukuzwa huku aliandika, na mtu aliyefukuzwa kule akasoma.

Jaribio la Hamburger laweza kuelezwa kwa yai la kuku, nawe unalijua yai. Kuku hulalia siku 21. Siku ya tatu hivi, ndani ya yai lenye mbegu ya jogoo, kiinitete ni kidogo kama kipande cha ukucha, lakini moyo wake umekwisha kuanza kupiga, na ubavuni mwake vimechomoza vichipukizi vitakavyokuwa mabawa na miguu. Hamburger alifungua kidirisha katika ganda la yai, akaondoa kichipukizi kimoja cha bawa, akaliziba, akaliacha liendelee. Baada ya siku kadhaa aliona kwamba katika uti wa mgongo, upande ule usio na bawa, seli za neva zilikuwa chache mno kuliko upande wa pili. Akafikiri hivi: kiungo kinachokua hutoa namna ya wito, na wito huo huzifanya seli changa zigeuke kuwa seli za neva. Pasipo kiungo hapana wito, na pasipo wito seli hazigeuki.

Rita aliposoma alitaka kuona kwa macho yake. Akageuza chumba chake cha kulala pale Turin. Alikuwa na hadubini, sanduku la joto la kuangulia mayai, vibano vya fundi wa saa, mikasi midogo ya daktari wa macho, na sindano za kushonea alizozinoa juu ya jiwe hata zikawa visu vya kukatia kiinitete. Profesa Levi, aliyekuwa hana kazi wala maabara, alikuja akawa msaidizi wa mwanafunzi wake katika chumba hicho. Yasemekana mzee alikuwa mnene na chumba kilikuwa chembamba, na kila alipogeuka palikuwa na hatari kwa vipande vilivyopangwa mezani.

Mabomu yalipozidi juu ya Turin, familia ikahamia nyumba ya shamba vilimani, na maabara ikahamia pamoja nao, katika pembe ya chumba kilichotumika pia kwa kula. Mayai yakawa adimu. Rita alipanda baiskeli akazunguka kwa wakulima, akawaomba mayai kwa ajili ya watoto wake, akiuliza kama kwa bahati tu iwapo kuku wao wana jogoo. Watoto hakuwa nao, wala hakupata mtoto maisha yake yote. Viinitete vikishatolewa, kilichobaki cha yai kilikaangwa kikaliwa, jambo ambalo kaka yake hakulipenda alipoligundua.

Sasa sikiliza alichokiona, maana hapa ndipo penye uzito. Hamburger alikuwa ametazama viinitete mwishoni, baada ya siku kadhaa, akahesabu zilizobaki. Rita alivitazama siku kwa siku, na katika siku nyingine saa kwa saa, akihesabu seli katika vipande vyake vyembamba. Akaona kwamba hata pale palipokatwa kiungo, seli za neva zilizaliwa kama kawaida. Ziligeuka kuwa seli za neva kama kawaida. Zilitoa nyuzi zao na kuzielekeza mahali ambapo kiungo kilipaswa kuwa. Kisha, zilipofika katika wakati wa kukikuta kiungo na zisikikute, zilikufa. Basi hazikukosa kuzaliwa, zilikosa riziki. Akaandika pamoja na Levi kwamba kiungo hakitoi amri ya kuzaliwa kwa seli za neva, bali hutoa kitu fulani kinachozihifadhi zisife. Kitu gani, hakujua.

Majarida ya Italia yalifungwa kwa Wayahudi, kwa hiyo makala ilichapishwa katika jarida la Ubelgiji, wakati wa vita, ambapo ni wachache waliokuwa na nafasi ya kuisoma.

Mwezi wa Septemba 1943 majeshi ya Ujerumani yaliishika Italia ya kaskazini, na Wayahudi wakaanza kukamatwa na kupelekwa makambini kuuawa. Familia ikakimbilia Florence, ikaishi kwa majina ya uongo hata mji ulipokombolewa mwezi wa Agosti 1944. Baada ya hapo Rita aliwatibu wakimbizi, waliokuwa wakifa kwa wingi kwa maradhi ya kuambukiza. Kazi hiyo ilimwelemea. Aliona kwamba hana moyo wa kukaa mbali na maumivu ya mgonjwa kiasi cha kuweza kumtibu vyema, na hakurudia tena utabibu. Sidhani kwamba huo ulikuwa udhaifu, lakini yeye mwenyewe aliuhesabu kuwa ni jambo la kusema wazi, nami namheshimu kwa kulisema.

Vita vilipokwisha, ile makala ya Ubelgiji ikamfikia Hamburger katika Chuo Kikuu cha Washington, mjini St. Louis. Alikuta humo kijana asiyemjua, aliyefanya kazi chumbani kwake kwa mayai ya kuomba, akisema kwamba maelezo ya Hamburger hayakuwa sawa. Je, wewe ungefanya nini? Mimi nilipoulizwa tu, si kukosolewa, nilisema keti. Hamburger alimwandikia barua mwaka 1946 akamkaribisha waje walirudie jaribio hilo pamoja. Rita alifika St. Louis mwaka 1947 kwa nia ya kukaa miezi michache. Kituo chake cha kazi kilibaki hapo miaka 30, ingawa katika miaka ya mwisho aligawa wakati wake na Roma. Walirudia jaribio, na Hamburger akakubali kwamba mgeni wake ndiye aliyesema kweli.

Walivuka hapo wakaona jambo jingine lililowashangaza zaidi. Hata katika kiinitete kizima, ambacho hakuna mkono wa mtu uliokigusa, seli nyingi za neva huzaliwa na kufa. Walilitangaza mwaka 1949. Mwili hutengeneza seli nyingi kupita haja, zikatoka kwenda kutafuta mahali pa kufanya kazi, na zile zisizopata hufa. Rita alipoziona kwa mara ya kwanza chini ya hadubini alifikiri habari za uwanja wa vita, na mtu aliyetoka Italia mwaka ule hakuhitaji kubuni mfano huo.

Lakini riziki yenyewe ni kitu gani? Mwanafunzi mmoja wa zamani wa Hamburger, Elmer Bueker, alikuwa amechukua kipande cha uvimbe wa saratani ya panya akakipandikiza katika kiinitete cha kuku, akaona neva zimeingia katika uvimbe ule kwa wingi. Rita aliporudia alishangaa. Neva ziliufuata uvimbe kama nzi wafuatavyo asali. Na hata uvimbe ulipowekwa mahali pasipogusana na kiinitete, juu ya ngozi laini yenye mishipa ya damu tu, neva zilikua vilevile. Basi uvimbe ulikuwa ukitoa maji ya namna fulani yaliyosafiri katika damu.

Mwaka 1952 alichukua panya wawili wenye uvimbe huo, akawatia katika kisanduku, akapanda ndege kwenda Rio de Janeiro, kwa rafiki yake wa tangu Turin, Hertha Meyer, aliyekuwa fundi wa kuotesha nyama hai katika kioo. Huko aliweka fundo dogo la neva za kifaranga karibu na kipande cha uvimbe, bila kugusana. Majaribio ya kwanza yalimvunja moyo. Kisha ikatokea: katika muda wa siku moja nyuzi za neva zilitoka pande zote za fundo lile kama miali ya jua. Ukitafuta picha za kazi yake, utaiona picha hiyo kwanza. Fundo lisilo na uvimbe karibu yake ni doa tupu. Lenye uvimbe ni jua.

Kutoka hapo kazi ilihitaji mtu wa kemia. Mwaka 1953 akaja Stanley Cohen, kijana mtaratibu, mwenye mbwa wake na kiko chake, asiyejua habari nyingi za neva, kama Rita alivyokuwa hajui habari nyingi za kemia. Walifanya kazi pamoja miaka sita, na ndani yake muna kituko ambacho huwasimulia wanafunzi wangu kila mwaka. Cohen alitaka kujua kama kitu kile ni protini au ni asidi za kiini cha seli. Ili kuziharibu asidi hizo alitumia sumu ya nyoka, kwa kuwa ina kimeng'enya cha kuzivunja. Alitarajia miali ipungue au ibaki vilevile. Badala yake iliongezeka kupita kiasi. Akajaribu sumu peke yake, bila ya uvimbe, na miali ikatoka. Sumu ya nyoka ilikuwa na kitu kile kwa wingi kuliko uvimbe wenyewe! Mtu mwingine angeona ni uchafu ulioharibu jaribio, angemwaga. Cohen alikaa akafikiri: sumu hutoka katika tezi ya kinywa cha nyoka, basi tezi ya kinywa cha mnyama mwingine ni ipi? Ni tezi ya mate. Akazikata tezi za mate za panya dume, na humo akakuta hazina.

Kitu hicho ni protini, nacho kwa Kiswahili twaweza kukiita kikuza-neva. Ili kuhakikisha kwamba hakifanyi ajabu katika kioo tu, waliwapa panya wachanga dawa ya kukizuia kikuza-neva katika damu yao. Mafundo ya neva yaliyo kando ya uti wa mgongo, yale yanayotawala moyo na jasho na mishipa ya damu, yakanyauka karibu yote. Hapo hapakuwa tena na shaka kwamba mwili mzima hauwezi kuwa na neva hizo bila ya kitu hicho. Hata hivyo wako wataalamu waliolitilia jambo hili mashaka kwa muda mrefu, wakisema ni ajabu mno kitu kilekile kutoka katika saratani, katika sumu na katika mate. Mwaka 1971 wenzake wawili, Angeletti na Bradshaw, walitangaza mpangilio wake kamili: mnyororo wa asidi amino 118. Kitu kilichotajwa kwa kukisiwa chumbani wakati wa mabomu sasa kilikuwa na hesabu.

Tuzo ya Nobel alipewa yeye na Cohen mwaka 1986. Hamburger hakutiwa, na wako wengi waliosikitika, nami ni mmoja wao. Aliishi hata mwaka 2001, akafa akiwa na umri wa miaka 100. Katika mwaka huohuo Rita alifanywa seneta wa maisha katika nchi iliyomfukuza chuoni. Alifariki mjini Roma tarehe 30 Desemba 2012, akiwa na miaka 103. Yeye na Paola walikuwa wameanzisha mfuko wa kusaidia vijana mwaka 1992, kwa kumkumbuka baba yao, na baadaye mfuko huo ukaelekezwa katika elimu ya wasichana na wanawake wa Afrika. Ukumbusho wa baba aliyeogopa masomo ya binti zake ukawa karo ya binti za watu wengine.

Nilipomaliza kusoma nilijua kwamba nina deni. Lakini binti yule nitampata wapi? Nilimpata bila kumtafuta sana, kwani mji wetu si mkubwa. Jumamosi moja sokoni nilimwona katika kibanda cha mama yake, akiuza nazi na mchicha, amekuwa mtu mzima. Akanisalimu, "Shikamoo, mwalimu." Nikaitika. Nikanunua nazi mbili ambazo sikuzihitaji. Kisha nikamwambia, "Uliniuliza swali ulipokuwa kidato cha pili, nami sikukujibu. Nimekuja na jibu."

Hakujifanya kusahau. Akaniangalia, akanivutia kigoda. Nikamweleza habari za yai na kidirisha chake, na bawa lililoondolewa, na seli zinazotoka kwenda kutafuta kiungo zisikikute zikafa. Watu walikuja wakanunua mchicha, akawahudumia, akarudi. Nilipokwisha alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Na baba yangu, mwalimu? Yeye si kifaranga."

Nilicheka kwa furaha, maana mwanafunzi wangu alikuwa amegusa pale hasa pa kugusa. Kifaranga aliye ndani ya yai na mtu mzima aliyekatwa mguu si hali moja. Safari hii nilikuwa nimejitayarisha. Nikamwambia kwamba katika mtu mzima nyingi za seli hizo haziishi kwa kukitegemea kiungo peke yake kama zile changa, na kiungo kikiondoka nyingi hubaki hai. Kiini cha neva ya mguu hakimo mguuni, kimo ndani au kando ya uti wa mgongo. Kilichokatwa ni uzi wake mrefu. Uzi ule hujaribu kukua tena, na kwa kuwa hauna pa kwenda hujikunja mwishoni ukafanya fundo, na fundo hilo huweza kuuma. Na ubongo nao umeweka ramani ya mguu tangu utotoni, na ramani haikatwi pamoja na mguu.

"Basi ndiyo maana," akasema. "Usiku husema vidole vinamwasha. Mama humwambia ni mawazo."

Nikamwambia kwamba si mawazo, na wala si uwongo. Nikamwambia pia kwamba wako watoto wachache waliozaliwa na kasoro katika kile kipokezi ambacho kikuza-neva hushika katika seli, jambo lililogunduliwa mwaka 1996, na watoto hao hawasikii maumivu kabisa wala hawatoki jasho, hata huumia wasijue. Na kwamba mwaka 2018 Marekani iliruhusu matone ya kikuza-neva kwa macho ambayo neva zake zimedhoofika. Lakini dawa ya kukizuia, iliyotarajiwa kutuliza maumivu ya viungo, iliachwa mwaka 2021 kwa sababu ilionekana kuvidhuru viungo vya baadhi ya wagonjwa. Sikutaka aende kumpa baba yake tumaini ambalo mimi sina.

Akafikiri. Kisha akasema, "Njoo umwambie mwenyewe. Mimi ataniona namfariji."

Nikaenda jioni. Mzee alikuwa ameketi barazani juu ya mkeka, gongo lake limeegemezwa ukutani. Akanikaribisha kwa heshima kubwa kwa kuwa nilimfundisha mtoto wake, na heshima ile ilinichoma. Nikamweleza yote, toka yai hata ramani. Alisikiliza mkono wake ukiwa juu ya goti, pale mguu unapokoma. Aliuliza kisu cha kukatia kitu kidogo namna ile hunolewa vipi, maana alikuwa mtu wa zana. Nikamwambia zilikuwa sindano za kushonea, na jiwe. Akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Kisha akamgeukia binti yake. "Maneno haya ulimuuliza lini mwalimu wako?"

Binti akatazama chini, akaanza kukunja upindo wa leso yake. Nikamwambia mzee kwamba nitamjibu mimi. Nikamweleza ni lini, na darasa gani, na neno nililomwambia.